Yohane wa Mungu na mzigo wa kuni



Lipo swali moja ambalo mtu asiye na kazi huliogopa kuliko usaili wenyewe. Huulizwa nje ya kanisa baada ya Misa, watu wakiwa wanasalimiana na kupeana pole za wiki. Mtu anataka kujua siku hizi uko wapi. Muulizaji hana ubaya wowote. Lakini wewe uliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, ambaye bahasha yako ya kaki imeshalegea pembe kwa kuzungushwa maofisini, unatazama viatu vyako na kujibu kwamba upo upo tu. Wapo waliohama Misa ya kwanza wakahamia ya jioni ili wasikutane na swali hilo. Wapo walioacha kwenda jumuiya, kwa sababu ikifika zamu ya kuchangia hawana cha kutoa.

Nawafahamu kwa kuwa huja ofisini parokiani kuniomba niwe mdhamini kwenye barua zao za maombi. Mara ya kwanza huja wenyewe, wamepiga pasi, wananieleza kazi yenyewe ni ya nini na iko wapi. Mwaka wa pili humtuma mdogo wao alete fomu.

Kwa ajili yao leo naleta habari za mtu aliyeipata kazi yake akiwa amevuka miaka 40. Kabla ya hapo alikuwa mchungaji wa mifugo mara tatu, askari mara mbili, kibarua wa ujenzi, mchuuzi wa vitabu, na baadaye mwokota kuni. Kanisa linamwita Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa, wa hospitali na wa wauguzi. Kwa kawaida tukimtaja tunaanzia mwisho, pale alipokwisha kuwa mtakatifu wa hospitali. Mimi napenda tukae zaidi katikati, kwenye miaka ile ambayo hata yeye mwenyewe hakujua anaelekea wapi.

Alizaliwa mwaka 1495 katika mji wa Montemor-o-Novo, nchini Ureno. Akiwa na umri wa miaka minane hivi aliondoka nyumbani kwa namna ambayo haijaeleweka vizuri hadi leo, akaishia Oropesa, katika Hispania, mbali sana na wazazi wake. Huko akalelewa katika nyumba ya msimamizi wa mifugo ya mkuu wa eneo lile, akakua akichunga. Kazi aliifanya vizuri, akapendwa. Lakini alipofika umri wa utu uzima aliona maisha ya malishoni yanambana, akataka kuiona dunia. Mwaka 1523 akajiandikisha jeshini, akapelekwa kupigana na Wafaransa huko Fuenterrabía, mpakani.

Uaskari ulimwendea vibaya. Kwanza aliangushwa na farasi, akaumia hadi kupoteza fahamu. Kisha akapewa kulinda nyara za kikosi, nazo zikaibwa mikononi mwake. Kapteni akaamuru anyongwe. Aliponea chupuchupu kwa kuwa mkubwa mmoja alipita pale akamwombea, akafukuzwa kambini bila kitu. Akarudi Oropesa kwa miguu, akaomba apewe tena mifugo.

Ndugu msomaji, kurudi mahali ulipoaga ni jambo gumu. Aliyetoka kijijini na mkeka wa kuagwa, akaimbiwa na kuchangiwa nauli, anajua ninachosema. Yohane alirudi, akachunga kondoo miaka mingine kadhaa. Kisha akajaribu uaskari mara ya pili, mwaka 1532, katika jeshi la Kaisari Karoli wa Tano lililokwenda Austria kuukinga mji wa Vienna dhidi ya Waturuki. Waturuki walirudi nyuma, vita ile ikaisha, naye akajikuta tena hana kazi. Safari hiyo akasema aende kwao Ureno, akawatafute wazazi. Alimkuta mjomba wake tu. Mama alikuwa amefariki muda mfupi baada ya mtoto kupotea. Baba naye, baada ya huzuni ile, aliingia kwa Wafransisko, akafia huko.

Basi akiwa na miaka karibu 40 hakuwa na wazazi, wala mke, wala shamba, wala fundi yeyote aliyemfundisha ufundi. Kwa hesabu za dunia, na hata kwa hesabu za baadhi yetu tunapokaa kwenye vikao vya harusi, huyo ni mtu aliyepotea. Akashuka kusini, karibu na Sevilla, akachunga tena kwa miezi michache. Moyo wake haukutulia. Alikuwa ameanza kuona kwamba farasi wa matajiri katika mazizi wananenepa na kufunikwa blanketi huku maskini wako nje uchi, na jambo hilo lilimsumbua. Lakini hakujua afanye nini nalo. Naomba ukumbuke hilo jambo la mazizi, tutalirudia.

Kutoka hapo akavuka bahari hadi Ceuta, kwenye pwani ya Afrika, mji uliokuwa chini ya Wareno. Njiani alikutana na bwana mmoja wa ukoo mkubwa wa Ureno aliyekuwa anapelekwa uhamishoni pamoja na familia yake. Bwana yule alimwajiri awe mtumishi wao. Walipofika Ceuta, wote wakaugua, na fedha zikaisha. Mwajiri hakuwa na mshahara wa kumlipa, tena hakuwa hata na chakula. Yohane akaenda kuomba kibarua kwenye ujenzi wa ngome za mji, akawa anabeba mawe na udongo mchana, na jioni anampelekea mwajiri wake ujira wa siku ile ili watoto wale.

Ukiangalia haraka utasema hiyo si kazi, ni hasara: kijana gani ataandika jambo kama hilo kwenye wasifu wake? Mimi naona kwamba hapo Ceuta, jioni moja bila mtu yeyote kuona, hospitali ya baadaye ilikuwa imeshaanza. Wagonjwa wamelala, hakuna fedha, na mtu mmoja anaingia mlangoni na chakula alichokitolea jasho kwa watu wasio ndugu zake. Alikuwa anafanya kazi yake ya maisha bila kuijua, kwa sababu alikuwa amewatazama watu waliokuwa mbele yake badala ya kutazama tu kazi anayoitaka. Nasema hivi kwa tahadhari. Sitaki umwambie kijana anayebeba zege kwamba zege lile lina ujumbe wa siri kutoka mbinguni. Mara nyingi zege ni zege. Lakini katika kazi isiyo yako unaweza kuona ni nini kinachokugusa, na nani unamkumbuka ukifika kitandani, na hayo ni mambo ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha.

Hata Ceuta haikudumu. Wasimamizi wa ngome walikuwa wakatili, mwenzake mmoja aliyempenda akashindwa kuvumilia, akatoroka. Yohane alivunjika moyo kiasi cha kukaribia kukata tamaa ya wokovu wake. Hapo alifanya jambo la busara: akamwendea padre Mfransisko akamfungulia yote. Padre akamwambia arudi Hispania. Akavuka, akafika Gibraltar, akafanya vibarua, akadunduliza akiba kidogo, akanunua vitabu na picha za watakatifu. Akawa machinga. Alipita vijijini na mzigo mgongoni, akauza vitabu vya hadithi za mashujaa vilivyopendwa wakati ule, lakini mnunuzi akisita alimshawishi achukue cha sala, tena kwa bei nafuu. Biashara ikaenda. Akahamia Granada, akafungua kijiduka karibu na lango la Elvira. Ungemkuta hapo ungesema Mungu amemkumbuka, sasa ametulia.

Tarehe 20 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani, alikwenda kumsikiliza mhubiri maarufu, padre Yohane wa Avila. Padre huyu, ambaye mwaka 2012 alitangazwa Mwalimu wa Kanisa, alikuwa mdogo kwa umri kuliko muuza vitabu wetu. Naye pia alikuwa amekosa kazi aliyoitamani: alitaka kwenda kuhubiri Mexico, akazuiwa na askofu mkuu wa Sevilla abaki Andalusia. Baadaye akashitakiwa, akawekwa ndani na mahakama ya dini, akaachiwa huru. Alijua kungoja ni nini. Mahubiri yake siku ile yalimpasua Yohane. Alitoka akilia barabarani, akarudi dukani, akavichana vitabu vile vya hadithi, vya sala akavigawa bure, akagawa nguo na fedha, akawa anajigaragaza matopeni akiomba huruma. Watoto wakamzomea na kumtupia mawe. Watu wakasema amerukwa na akili, wakampeleka Hospitali ya Kifalme, wodi ya vichaa.

Waandishi wa zamani walipenda kusema kwamba alijifanya kichaa kwa unyenyekevu. Huenda. Mimi najiuliza kama hakuwa mtu aliyechoka kweli kweli, aliyehangaika miaka 30, na siku hiyo kamba ikakatika. Namheshimu zaidi nikimwona hivyo. Na ikiwa wewe au mwanao amefikia mahali pa kutolala usiku, kutokula, kujifungia chumbani, usimpeleke kwa anayefoka mapepo tu. Mpeleke kwa daktari pia.

Tiba ya vichaa wakati ule ilikuwa kamba na viboko. Yohane alifungwa na kuchapwa. Kilichomwamsha hakikuwa maumivu yake bali ya wenzake. Akaanza kuwakemea walinzi kwa namna wanavyowatendea wagonjwa, akachapwa zaidi kwa hilo. Padre wa Avila alipopata habari alimpelekea ujumbe, akamshauri atulie na atumie nguvu zake kwa jambo lenye faida. Akatulia. Walipomfungua alianza kufagia wodi, kusafisha vyombo, kuwalisha walio dhaifu. Humo ndani, akiwa na miaka arobaini na kitu, katika mahali pa chini kabisa alipopata kufika, ndipo aliposema moyoni kwamba angetamani kuwa na nyumba ambamo maskini na wagonjwa wa akili watatendewa kama binadamu. Yale mazizi ya Sevilla yakampata.

Lakini kujua kazi yako si kuipata. Hapa ndipo pananigusa kuliko pote. Aliachiwa, akaenda kuhiji kwa Bikira Maria wa Guadalupe, akapita kwa mlezi wake wa kiroho kwa ushauri, akarudi Granada. Hana duka, hana mtaji, na mji mzima unamjua kama yule kichaa. Akapanda mlimani kuokota kuni ili aziuze sokoni apate chakula. Siku ya kwanza alifunga mzigo wake, akashuka nao hadi kwenye lango la mji. Aibu ikamshika. Mtu aliyekuwa na duka lake anaingia mjini na kuni kichwani, mbele ya wateja wake wa jana! Miguu ikakataa. Akampa mzigo ule mjane mmoja maskini aliyekuwa karibu, akaingia mjini mikono mitupu.

Tumzoee kwanza huyo wa siku ya kwanza, tusimkimbize. Alishindwa. Aibu ya kuonekana ni kitu halisi, ina uzito kuliko kuni. Binti mwenye shahada ya uhasibu ambaye ameanza kukaanga vitumbua barazani kwa mama yake anaijua. Humwomba mdogo wake auze ili yeye abaki ndani. Kijana wa ualimu anayeendesha bodaboda anaijua. Huvaa kofia ngumu hata akiwa amepaki, siyo kwa usalama bali asitambuliwe na wanafunzi wenzake. Yohane hakuifukuza aibu yake kwa maneno makali. Ila aliangalia kuna nani hapo langoni, akamwona mjane, na kuni hazikupotea.

Kesho yake alipanda tena mlimani. Akafunga mzigo mwingine. Alipofika langoni alijisemesha mwenyewe kama mtu anavyosemesha punda mkaidi, akapita nao hadi katikati ya uwanja. Watu wakamzunguka, wakamtania, wakauliza kazi gani tena hii, maana kila siku anabadilisha. Akajibu kwa utani wao, akacheka nao. Akauza. Fedha akanunua chakula, na kilichobaki akawapa waliolala chini ya mabaraza.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, yumo mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja jioni akakuta watu bado wamesimama sokoni. Akawauliza kwa nini wamekaa bure. Wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Tazama kwamba bwana yule hakuwapa mahubiri juu ya uvivu. Alikubali jibu lao, kwa kuwa lilikuwa kweli. Sisi wahubiri tungejifunza hapo. Kijana akisema hakuna aliyemwajiri, tunakimbilia kumwambia hajaomba vya kutosha, hajafunga, hajapanda mbegu. Wapo hata wanaomtajia mwezi ambao kazi itatokea, na mwezi ukipita ni yeye anayelaumiwa kwa imani haba. Na wapo wale mawakala wanaojitangaza kwa simu, wanaodai fedha ya usajili kabla ya usaili. Wanajua kwamba aliyechoka kungoja haulizi maswali. Watu wa saa kumi na moja walikuwa na jambo moja: hawakuwa wameondoka sokoni. Walisimama siku nzima wakiwaona wenzao wanachukuliwa, na walibaki watu wanaoweza kujibu swali kwa ukweli.

Ya mwisho nitayapita haraka kwa kuwa ndiyo yanayojulikana. Yohane alipanga nyumba, akaanza kuwabeba wagonjwa mgongoni kutoka barabarani. Usiku alizunguka mitaa na kapu kubwa na vyungu viwili vilivyoning'inia kwa kamba, akiwakumbusha watu kwa sauti kwamba anayempa maskini anajifanyia wema mwenyewe. Askofu wa Tuy, aliyekuwa rais wa mahakama kuu ya Granada, alimpa vazi na jina la Yohane wa Mungu. Wakaja wenzake, wa kwanza wakiwa watu wawili waliokuwa mahasimu wa damu, mmoja amemwua kaka wa mwenzake. Aliwapatanisha, wakafanya kazi pamoja. Mwaka 1549 Hospitali ya Kifalme ilipowaka moto, yeye aliyechapwa humo alikuwa wa kwanza kuingia kuwatoa wagonjwa. Baada ya kifo chake wenzake wakawa shirika, lililothibitishwa na Papa Pio wa Tano mwaka 1572. Hata leo liko karibu nasi: huko Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, ndugu zake wanawatibu wagonjwa wa akili, bila kamba.

Zimebaki barua zake sita tu, na moja imenifanya nimpende zaidi. Inamwendea kijana aliyeitwa Luis Bautista, aliyekuwa anahangaika huku na huko, hajui aoe, ajiunge na kazi ya hospitali, au aende kwingine. Ungetegemea mtakatifu atoe amri. Hakutoa. Alimwonya kwamba yuko kama chombo kisicho na kasia, na papo hapo akakiri kwamba hata yeye mara nyingi yuko hivyo hivyo. Akamshauri asikurupuke, aliombee jambo lake, na kama atakuja, aje akijua kwamba kazi ni ngumu. Mtu mwenye hospitali, mwenye jina, anamwandikia kijana asiye na mwelekeo kama mwenzake wa safari. Enyi wazazi na wajomba mliokwisha kupata kazi, mkitaka kuandika ujumbe wa simu kwa kijana wenu usiku huu, kielelezo ni hicho.

Na usidhani kwamba alipoipata kazi yake shida ziliisha. Katika barua nyingine anaeleza kwamba nyumba ina watu zaidi ya 110, anadaiwa zaidi ya dukati 200, na anaona aibu kutoka nje kwa sababu ya wadai. Aibu ile ya langoni ilibadilisha nguo tu, ikamfuata hadi ofisini.

Mapema mwaka 1550, wakati wa baridi, alishuka kwenye mto Genil uliofurika kuokota kuni zinazoletwa na maji, kwa ajili ya wagonjwa wake. Alikuwa bado anaokota kuni. Kijana mmoja akachukuliwa na maji; Yohane akajitosa kumwokoa, asifanikiwe, akatoka na homa. Walimchukua wakamlaza katika nyumba ya familia moja ya mji ule. Askofu mkuu alikuja kumpa sakramenti, akamwuliza kama kuna linalomsumbua. Yohane akamwonyesha daftari la madeni ya hospitali, yameandikwa moja moja, jina na kiasi. Askofu mkuu akalipokea, akaahidi kulipa yote. Alfajiri ya tarehe 8 Machi waliingia chumbani wakamkuta amepiga magoti sakafuni, ameshafariki, akiwa na miaka 55.